Dakika ya Nne

Kiwanda chetu cha madirisha kiko nje kidogo ya Panevėžys.
Februari, theluji imekwisha kuwa tope la kijivu langoni.
Ijumaa, saa kumi na dakika kumi na moja jioni,
Danguolė wa uhasibu alifungua ankara.

Ilivaa nembo ya Wapolandi wanaotuuzia vioo,
ikamwita kwa jina, ikamuuliza hali ya goti lake.
(Goti! Nani aliwapa habari za goti?)
Akabofya. Skrini ikapepesa mara moja,
kama mtu anayekujua na hataki kusema.

Mimi si mtu wa kompyuta. Mimi hukata vioo,
mwaka wa kumi na tisa huu, vidole vyangu ni mashahidi.
Ninachokijua ni ufa:
huanzia pembeni, mwembamba kuliko unywele,
hauna kelele, hauna pupa,
unauacha Ijumaa, unarudi Jumatatu
dirisha zima liko sakafuni.

Miaka miwili nyuma alibofya Vytenis wa ghalani.
Mkurugenzi akachapisha jina lake kwa wino mwekundu,
akalibandika mlango wa kantini kwa pini nne:
HUYU NDIYE.
Tulicheka. Nami nilicheka, sitaficha.
Vytenis akawa anakula mkate wake ndani ya gari,
injini ikinguruma apate joto,
hadi siku moja gari halikuja.

Tulijifunza nini? Kunyamaza.
Basi safari ya pili, aliyebofya hatujamjua hadi leo.
Alizima mashine, akavaa koti, akaaga vizuri.
Siku tatu wezi walitembea humo bila viatu,
wakifungua droo zetu moja moja,
na siku ya nne tanuri zikazima zenyewe,
oda za Uswidi zikageuka herufi zisizosomeka,
na mishahara,
mishahara ya mwezi wa Krismasi.

Hapo ndipo akaletwa Jurgita kutoka Kaunas,
mwanamke mfupi mwenye mafua.
Tulidhani atatuonyesha picha za majambazi wenye kofia nyeusi.
Hakuonyesha. Alipenga kamasi, akauliza:
"Ile karatasi mlangoni ni ya nini?"
Ilikuwa ipo bado, wekundu umefifia kuwa waridi.
Hakujibu mtu.
Akaing'oa mwenyewe, akamgeukia mkurugenzi:
"Na wewe, mara ya mwisho kudanganywa ilikuwa lini?"

Algimantas aliiva uso hadi masikioni.
Akaeleza, mbele ya wachomeleaji na wafagiaji,
alivyolipa euro mia nane za jenereta ambayo haijawahi kuwepo,
na mkewe hajui mpaka sasa.
Kicheko cha siku ile kilikuwa cha aina nyingine.

Yaliyobaki yalikuwa kazi tu: namba moja ya simu kwenye kila ukuta,
nakala za kumbukumbu zinazolala kabatini, mbali na waya wowote,
na zoezi la Alhamisi la kuandika oda kwa kalamu,
ambalo tulilitukana kila Alhamisi.

Sasa nirudi kwa Danguolė. Dakika ya kwanza aliganda.
Ya pili, macho yalikwenda msumarini.
Ameniambia mwenyewe: "Nililitazama koti."
Ya tatu alimkumbuka Vytenis na mkate wake.
Ya nne akainua simu:
"Rimvydas, nimekosea. Njoo mbio."

Rimvydas alishuka ngazi mbili mbili,
akang'oa nyaya kama mtu anayewahi karoti kabla ya barafu.
Tulipoteza kompyuta moja na jioni moja.
Jumatatu tuliandika kwa kalamu:
mwandiko mbaya, madirisha mazuri.
Mkurugenzi akamletea Danguolė keki ya asali.
Akasema hapendi asali. Tukaila sisi.

Mlango wa kantini haujapakwa rangi.
Yale matundu manne ya pini yapo palepale,
nami kila nipitapo na bakuli la supu ya bitiruti
nalipapasa moja kwa ukucha, lile la pembeni,
kuona kama limetembea.